Pishi Tupu

Wasomi wauandika kwa nambari nne,
elfu moja mia saba ishirini na tisa,
wapiga mstari chini, umekwisha.
Kwetu Kuze mwaka ule hauna nambari.
Twauita Mwaka wa Pishi Tupu,
na anayeutaja hushusha sauti kidogo
kama apitaye mbele ya nyumba yenye msiba.

Mwana Jaha binti Shekue alikuwa mpimaji.
Mtama, mchele, kunde, vyote vilipita mkononi mwake.
Alijaza pishi, akaifuta juu kwa kipande cha mwanzi,
punje haizidi, punje haipungui.
Wareno waliporudi walikuja na pishi yao,
pana tumbo, ndefu kina,
wakamwambia: hii ndiyo pishi ya mfalme.
Akatia mkono ndani, akaipima kwa vidole,
akasema, "Basi mfalme wenu ana njaa kubwa."
Mkalimani alikohoa. Hakulitafsiri.

Mengine ya mwaka ule nayataja yalivyonifikia,
hayana mpango:
kwamba askari wawili waliosha viatu
katika birika la msikiti, wakicheka;
kwamba binti wa Kilindini alivuliwa ukaya sokoni
na nduguze hawakusema kitu mchana ule;
kwamba Miji Tatu na Miji Tisa,
waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mnazi mmoja,
walikula sahani moja, usiku, taa imezimwa;
kwamba mizinga ya ngome ilikodolea bahari macho
na hatari ikaja kwa nyuma, upande wa jikoni.

Ngome ikafungwa kwa nje.
Mwezi wa kwanza baragumu lao lilitushtua kila alfajiri.
Mwezi wa tatu likawa na pumzi fupi.
Kisha tukasikia kimya,
na kimya cha watu wenye njaa, alisema Mwana Jaha,
kina harufu.

Hapa ndipo ukoo wetu unapogawanyika.
Wa upande wa Mbwarahaji wasema
usiku mmoja shumburere ilishushwa ukutani kwa kamba,
na juu kabisa kijana, Bastiani, ndevu hazijaota,
akinong'ona neno moja la Kiswahili alilolijua:
"Mama."
Mwana Jaha akatia kibaba cha mtama.
Wa upande wetu wasema alitia mchanga,
akaufuta juu kwa mwanzi, sawasawa,
maana hata mchanga hakujua kuupunja.
Nimewauliza wote, kwa nyakati mbalimbali, wengine wakiwa wagonjwa.
Wakubaliana kwa hili tu:
kwamba shumburere ilipanda polepole
na yeye hakuondoka mpaka ilipofika juu.

Walitoka wembamba kama miswaki,
wakapewa chombo, wakenda zao.
Vigelegele vilipigwa mpaka sauti zikakauka.
Halafu wakubwa wakakaa shauri,
wakatuma watu Maskati
kuomba bwana mwingine.
Habari ilimkuta Mwana Jaha akiosha pishi.
Aliuliza swali moja:
"Na huyo, pishi yake yachukua kiasi gani?"

Maneno yao hayakupanda chombo.
Yalibaki kwetu: meza, kasha, pipa, karata,
leso tunayofutia machozi.
Na gereza.
Kwao, wasema wajuao lugha, lilikuwa nyumba ya sala.
Sisi tuliliokota mlangoni mwa ngome,
hatukuuliza maana,
tukalitumia kwa kile tulichokiona.

Pishi ya mfalme iko kwa shangazi, ukingo umepasuka.
Hutia vitunguu.
Kila nikienda naingiza mkono, najifanya natafuta kilicho kikavu.
Wazama hadi kiwiko.