Kata ya Tatu

Mwaka ule nilikuwa na mahubiri kumi na saba
kwenye daftari lililonuka pumba,
kwa kuwa mchana nilisaga uwele wa watu
kwenye mashine ya Chalula, hapa Mvumi,
na usiku niliyahubiria mapipa.
Mapipa yalinyamaza vizuri sana.
Nikasema: hakika nimeitwa.

Mchungaji Msagula alinisikiliza
huku ameinamia pikipiki, anafuta plagi kwa kitambaa.
"Nani mwingine amesikia?" akauliza.
"Mimi tu."
Akaipuliza plagi, akairudisha mahali pake,
akanipa ufunguo wa kanisa.
"Fagia. Na kengele ni saa kumi na moja na nusu."

Kengele yetu ni rimu ya lori, inaning'inia kwenye mgunga.
Nimeigonga misimu mitatu ya uwele,
mmoja wa mvua, miwili ya kudra.
Vumbi la Jumapili nimelitoa nje kwa ufagio,
Jumatatu upepo umelirudisha lote,
halikupungua hata chembe.

Fomu ya chuo niliiweka katikati ya Yeremia.
Niliijaza kwa penseli: Amoni Chilewa,
kuzaliwa, mwaka wa njaa, tarehe aijuaye mama.
Mstari mmoja ulibaki mweupe:
*Eleza wito wako.*
Nikaeleza, nikafuta. Nikaeleza, nikafuta.
Karatasi ikachakaa pale pale
kama goti la suruali ya mpanda minazi asiye na mnazi.

Nikatumwa kwa Mama Perisi, ambaye hageuki kitandani.
Nilikwenda na Zaburi tatu pamoja na maelezo yake.
"Mbukwa, mwanangu," akasema.
"Kabla hujafungua hicho kitabu, nisogezee beseni."

Nikasogeza beseni.
Nikasogeza beseni hadi Pasaka ya pili,
na kuna siku nilirudi nyumbani nimenuna,
nikamwambia Mungu, kama ni hivi
basi ulikosea nyumba, ulikuwa unabisha kwa jirani.

Oktoba, bomba la kijiji likakohoa hewa.
Tukashuka korongoni na ndoo na majembe.
Nilichimba mchanga hadi ukanifika kiunoni,
nilipoona unyevu nikachota kwa pupa.
Nyendo, mjukuu wa Perisi, akanidaka mkono:
"Wewe! Hilo ni tope. Kata ya kwanza mwaga.
Ya pili mwaga. Kisha kaa."
"Nikae nifanye nini?"
"Ukae. Ukikorogakoroga, ukuta utakuangukia."

Tukakaa.
Punda wa mtu alikuwa akijikuna kwenye jiwe.
Maji yalipanda polepole,
kama mtu anayekumbuka jina.
Nilitega sikio, maana miaka yote nimetega sikio,
na shimoni hamkuwa na sauti yoyote,
mchanga tu, ukiachia kile ilichokificha masika.

Nikayafikiria yale mahubiri kumi na saba.
Nikaifikiria na ile nuna yangu.
Kata mbili.
Sikuona haya kuzimwaga; ndivyo shimo linavyosafishwa.

Wiki iliyopita Msagula alisimama mlangoni pa mashine,
unga umemjaa kwenye kope, akapaza sauti
kuushinda mngurumo:
"Perisi anauliza, yule kijana wa beseni
atakuja tena lini!
Na wale wa Ilolo wanauliza. Na mama Madeje,
tangu ulipokesha naye kwenye msiba."
Akasubiri kidogo. Hakuongeza neno.
Akapiga teke pikipiki, ikagoma, akapiga tena.

Usiku nikafungua Yeremia.
Pale karatasi ilipochakaa nikaandika, bado kwa penseli:
*Kuna watu wananiuliza nitarudi lini.*

Wino nimeununua. Uko mfukoni, pamoja na ufunguo.
Alfajiri nimeshuka korongoni tena,
nimemwaga ya kwanza, nimemwaga ya pili,
nimetumbukiza mkono:
vidole naviona,
kiganja bado.
Nakaa.