Sababu Nilizompa Dardo

Dardo, umeuliza kwa herufi kubwa
kama ankara ya umeme: KWA NINI HUKO?

Basi sikiliza. Hapa Calandria hakuna lifti.
Jengo refu kuliko yote ni mnara wa taa,
ngazi mia na kumi na mbili, nimezihesabu kwa magoti,
na kule juu hakuna mtu aliyekwama
anayepiga kengele na kumtukana mama yangu.
Miaka thelathini na mmoja, mimi na wewe
tumening'inia kwenye mashimo ya giza ya Montevideo
tukiwavuta watu kutoka hewani.
Sasa jioni navua viatu, mchanga unamwagika,
kazi imekwisha.

Basi la mjini huja mara mbili kwa siku.
Dereva, Washington Olivera, husimama kwa bibi Nélida
kumwachia dawa za presha,
akishasimama hukaa, akishakaa hunywa mate,
na jina halidanganyi, Dardo:
bomba moja, midomo sita.

Mwenye nyumba wangu huja kudai kodi
na chupa ya jemu ya tini,
huondoka ameisahau kodi mezani,
hurudi kesho yake kuifuata, na chupa nyingine.

Eusebia wa mikate ameandika mlangoni
"Tunafungua saa moja." Asubuhi au usiku, hakusema.
Ukikuta pamefungwa, mtafute ufukweni
na yule mbwa wa kijivu, mbwa wa wote,
tunayemwita Meya
kwa kuwa hulala mlangoni pa ofisi ya mji
na hakuna anayethubutu kumwamsha.

Sitakudanganya kwamba yote ni asali.
Julai upepo wa kusini hupenya chini ya mlango
kama mkwe asiyealikwa.
Shuka hazikauki. Chumvi imekula kitasa,
imekula redio, sasa inanitazama mimi.
Daktari huja Alhamisi;
ukiugua Ijumaa, ugua kidogo kidogo.
Na Januari wanakuja wageni na miavuli yao,
wanaegesha magari juu ya maua ya Nélida,
wanatuuliza sisi, sisi, kama bahari ni salama.
Machi wanaturudishia mji
na kandambili za mguu mmoja.

Hizo ndizo sababu za kuandikwa.

Mwezi uliopita nililala hadi saa nne.
Sikuumwa, usingizi tu ulinogewa nami.
Nilipofungua mlango, alikuwapo Eusebia na unga hadi viwikoni,
na nyuma yake basi zima linanguruma,
abiria kumi na mmoja, wawili wakiwa na miadi ya benki,
na Washington ameshika wenzo wa jeki
tayari kuuvunja mlango.
"Dirisha lako lilikuwa limefungwa," Eusebia akasema.
Basi. Akanipa mkate, wakaondoka.

Nilisimama na ule mkate wa moto
nikaikumbuka ghorofa ya saba, mtaa wa wanasheria,
usiku ule kebo iliponibana saa tano gizani
nikibonyeza kengele niliyoifunga kwa mikono yangu.
Watu walipita kwenye korido, Dardo.
Nilisikia visigino vyao.
Aliyekuja ni wewe, na pijama ndani ya koti,
hukuwa hata zamu.

Sasa unaishi peke yako, ghorofa ya kumi na nne.
Nani anayeliangalia dirisha lako?

Njoo Jumanne, Jumatano mikate ni mingi.
Lete soksi nzito. Lete bisibisi ile ndogo
ya mpini mwekundu: saa ya kanisa
imekwama kwenye tisa na robo,
hapa haimsumbui mtu yeyote,
ila mimi nimeshaipandia mara tatu kuitazama.

Au usiilete bisibisi.
Nikiiomba tena, ninyime.