Makoti Mia Mbili na Kumi na Mawili

Yalifika mwezi wa mvua,
kwa lori lililonasa matopeni mara mbili
kabla ya kuufikia mlango wa ghala langu.
Niliyahesabu mwenyewe, kalamu ni shahidi:
makoti ya theluji, manyoya shingoni, zipu hadi kidevuni,
na sisi huku kando ya mto Moei
hata mbwa hulala ndani ya mtaro kutafuta ubaridi.

Siwacheki.
Kuna mtu, mahali penye barafu,
alisikia kuwa watoto wamekimbia usiku,
akafungua kabati,
akatoa kile ambacho yeye, angekimbia, angekitaka.
Huo nao ni upendo,
ila haukuuliza njia.

Naw Paw Wah alivaa moja
akapita kati ya vibanda kama meneja wa benki,
jasho likimchuruzika, watoto nyuma yake wakigonga masufuria,
na ikawa mara ya kwanza, tangu zile ndege,
makelele kusikika hapa
bila mtu yeyote kujitupa chini.

Kisha wanawake wakaja na viwembe.
Wakafumua mshono kwa mshono, polepole, kama wanaochambua samaki.
Pamba ya ndani ikawa magodoro ya wachanga.
Kitambaa cha nje kikaziba paa la shule:
darasa la tatu sasa lina dari ya zambarau yenye mifuko,
na mmoja umening'inia chini kiasi,
mwalimu huweka chaki humo.
Zipu alizichukua fundi Saw Tah Doh, hakusema za nini.
Wiki haikuisha, milango ya maturubai ikaanza kufungwa,
kufungwa kwelikweli, na mama mmoja
akaingia, akavuta zipu, akalia humo ndani
peke yake. Miezi saba hakuwa na pa kulilia.

Eh Kalu, miaka minane, alikuta glavu mfukoni.
Moja tu, ya kushoto.
Alizunguka nayo kutwa akiuliza mwenzake yuko wapi,
swali ambalo hapa kila mtu analo.
Jioni akampa bibi yake,
aliyezoea kuepua chungu kwa pindo la nguo.
Bibi akaivaa, akaepua, akasema,
"Aliyeileta hii anajua kupika."

Mwisho wa mwezi ikaja fomu.
Je, makoti yote yamevaliwa? Ndiyo. Hapana.
Ambatisha picha za watoto wakitabasamu.
Nilikaa nayo siku mbili.
Haikuwa na mstari wa dari, wala wa mlango, wala wa wali.

Wala haikuwa na mstari wa kopo.
Kopo la maziwa, lisilo na kifuniko,
hupita kila Jumapili kibanda kwa kibanda.
Kila mama, kabla ya kuinjika,
huchota konzi moja ya mchele
kutoka mgao uliokwisha kupunguzwa mara mbili mwaka huu,
akaitia humo. Ya watakaovuka.
Hatuwajui ni nani. Tunajua watavuka,
maana juzi ng'ambo kulinguruma
na mbingu ilikuwa na nyota.
Haba na haba, na kibaba hakijai:
kila kikikaribia,
kuna mtu anapanda ukingo, nguo zimelowa, mtoto kichwani.

Nikajaza fomu.
Yamevaliwa? Moja, kwa robo saa. Yote yanatumika.
Picha nilituma ya dari, mvua ikipiga,
na chini yake madaftari makavu.
Penye maoni: mwaka ujao, mkiweza, mchele.
Na glavu ya kulia.

Majina ya wafadhili yalipewa mistari mitano.
Nikageuza karatasi, nikaanza nyuma,
kibanda cha kwanza, cha pili, cha tatu, konzi, konzi, konzi.
Nilipofika cha arobaini na tatu
wino ukakata.
Eh Kalu amekwenda kuniazimia kalamu.