Mate na Pamba

Waliileta dunia Ruwi ndani ya ndoo ya tende,
imeviringishwa shuka la mtoto.
Ramadhani iliangukia Agosti mwaka ule.
Kiyoyozi kinakohoa dirishani; chini yetu
fundi cherehani anagombana na mtu juu ya kola.

Niliitikisa taratibu, kama mchagua nazi.
Ndani kukacheza kitu.
Vigololi vya risasi: aliyeiunda alivitia kimfukoni,
akakibandika ubavuni, dunia isielemee.
Kimfuko kimeoza. Sasa uizungushe utakavyo,
itasimama palepale, bahari kuu juu,
nchi kavu zote kifudifudi.

Dawa za chupa ninazo. Lakini kwa uchafu wa vidole
sijaona kishindacho mate:
pamba kijitini, ulimi, kisha polepole
eneo la ukucha, tupa, chukua nyingine.
Mchana mdomo mkavu. Nikawa nangoja adhana,
nafungua kwa tende na maji,
ndipo naiosha dunia.

Vanishi ya manjano ikaachia.
Uajemi ikatoka, ikatoka Hormuz,
na pale Oman ilipopaswa kuwa
plasta tupu, nyeupe, laini
kama kisigino kilichosuguliwa jiwe.
Tabora nayo vivyo hivyo.

Bi Shinuna alipokuja nikamwonyesha.
“Hiyo ya Oman ni ya baba. Tulikuwa Tabora,
kila baada ya isha: Kwetu hapa. Hapa.
Anagonga.”
Na hii nyingine?
“Yeye yuleyule. Tulipokwisha kuhamia huku.”

Mwanawe, Hilali, akataka pajazwe,
sebule ni mpya, wageni wataona.
Rangi ninazo. Mkono bado hautetemeki.
Nilishika brashi ya nywele tatu juu ya Tabora
muda wa chai kupoa,
nikaiweka chini.

Kimfuko kipya kakishona fundi wa chini
kwa kipande cha kanzu, akakataa malipo.
Nikakipenyeza kwa tundu la ncha ya kaskazini.
Sasa inazunguka, inasimama itakapo.

Siku ya kuichukua nilimpa Bi Shinuna glavu,
nikamweleza: jasho, chumvi, mafuta ya ngozi.
Akaitikia yote. Akazivaa.
Kisha akavua ya kulia,
nami nikajifanya natafuta pamba.