Mche wa Mia na Hamsini

Mkomamanga wa Bi Zuwena, kule Kisauni,
ulianza kusinzia saa sita za mchana.
Maji aliumwagia, ndoo alfajiri, ndoo magharibi,
na bado majani yakajikunja
kama vidole vya mtu anayeficha kitu.

"Ni jicho," akasema jirani.
"Ni chumvi ya kisima," akasema mwanawe.
Mimi nikasema mbolea. Nikamuuzia mbolea.

Ulipokufa tuliung'oa.
Mizizi ikatoka imejaa vifundo,
tasbihi iliyotungwa gizani,
nami nikaijua,
maana asubuhi ile ile niliipanga ndani ya mifuko myeusi
kando ya barabara ya Links:
miche mia mbili na kumi na mmoja,
kila mmoja mia na hamsini.

Basi ni mimi.
Ni karai langu, ni udongo wangu wa Mwembelegeza,
ni mkono huu uliogawa minyoo nyumba kwa nyumba,
Nyali, Mtopanga, Mishomoroni,
na kwa kila mnyoo nikapewa ahsante.

Nyevu, binti wa shemeji yangu, yuko maabara Mtwapa.
Akanikalisha kwenye darubini.
Kwanza nikamwona mnyoo: uzi wa maji,
hana rangi, hana haraka, mdomoni sindano.
Kisha akanionesha mwingine,
wa udongo wa nyuma ya msikiti mmoja Mjambere
ambako mkomamanga ulikataa kufa.
Huyu ngozi yake imegandwa na punje
kama mkate wa ufuta.

"Bakteria," akasema. "Hawamfukuzi. Hawana miguu.
Wamngoja apite, wamng'ang'anie,
wamle kwa ndani
mpaka awe mfuko wa mbegu zao."

Nikacheka, Mungu anisamehe.
Kumbe mla cha mwenziwe, naye huliwa.

Hawafugiki chupani;
wataka mnyoo aliye hai ndipo wazaane.
Nikapanda nyanya za kulisha minyoo,
minyoo ya kulisha bakteria,
nikaing'oa mizizi, nikaianika juu ya bati,
nikaitwanga kwenye kinu cha marehemu mamangu
ambacho hata leo kinanukia iliki.
Unga wa kijivu. Haukujaza kopo la Kimbo.

Sasa kila Jumamosi nabeba mkoba na daftari.
Hodi. Mimi ndiye niliyekuuzia mche.
Wengine wanikaribisha chai.
Mtopanga nilifunguliwa mbwa.
Nafukua shinani, natia vijiko viwili, nafukia,
nawaambia wasimwage sumu, wasiwe na pupa:
mwaka, labda miwili.
Na huenda usipone. Hilo pia nalisema,
ingawa hulisema nikiwa nimeshafika mlangoni.

Kwa Bi Zuwena nilikwenda mwisho.
Shimo lilikuwa wazi, amelifanya jaa la majivu.
Nikainama, nikatia unga mle mle, pasipo mti.

"Wamtilia nani?" akauliza dirishani.
"Atakayefuata."

Hakujibu.
Baadaye nikasikia kitasa,
akatoka na pauro,
akaanza kuyazoa majivu yake.