Kodi ya Mgagani

Igogo ya juu, nyumba zimeatamia majabali
kama kuku aliyelalia mayai asiyoyataga.
Nilipomwambia mwenye nyumba nataka bustani
alicheka mpaka akaegemea ukuta:
“Masalu, utapalilia nini hapa? Kokoto?”

Miaka kumi na mmoja nilikata minofu ya sangara.
Minofu ilipanda ndege,
mimi nikapanda mlima na mapanki kwenye mfuko,
na harufu ambayo hata ndimu iliishindwa.
Walipozima mashine ya pili
walinipa bahasha nyembamba
na buti zangu nyeupe, nizichukue, haziwafai.

Buti nilizijaza udongo.
Ndoo kwa ndoo niliupandisha kutoka Mkuyuni,
ngazi mia na arobaini, nyingine ni mwamba mtupu.
Magugumaji yaliyoliziba ziwa niliyaanika,
nikayaozesha pamoja na maganda ya ndizi.
Viroba vya saruji, beseni lililopasuka,
kila kilichokuwa na tumbo kilibeba shamba.

Mchicha uliota wa kwanza, una kiherehere.
Matembele yakatambaa, yakaning'inia jabalini.
Mgagani ndio uliokuwa wa heshima:
mbegu za mama, kutoka Misungwi,
kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne,
nyeusi, ndogo, ungedhani mavi ya panzi.
“Usiubembeleze,” alisema. “Mwaga, geuka, nenda zako.”

Sikuweza. Niligeuka, nikarudi,
nikachuchumaa kila asubuhi kama mwenye kuhara.

Sasa, kuku wa Mama Nkwimba.
Paa la mama huyo liko usawa wa nyayo zangu,
nikikohoa anasikia, akikaanga napiga chafya.
Kuku wake alipanda, akachakura kiroba cha tatu,
nami nikarusha buti.
Mguu wa kuku, tika.
Jioni alikuja mtoto na bei: elfu kumi na tano.
Sikulipa. Salamu zikakauka
tangu Novemba.

Nikajifunza kupika kwa ajili ya mtu mmoja.
Mgagani unauchambua jani kwa jani,
unatupa kikonyo, unatupa ua.
Unachemsha, unamwaga maji ya kwanza
pamoja na hasira zake.
Halafu maziwa, kidogo kidogo,
halafu karanga zilizotwangwa, si za kusaga,
uzisikie jinoni.
Kisha unauacha, makaa yafe yenyewe.
Usile leo. Nasema usile leo.
Kesho, na ugali wa udaga,
ndipo utajua kwa nini mama alikunja ile karatasi mara nne.

Aprili, mvua ilitoka ziwani usiku
bila kubisha.
Asubuhi jabali lilikuwa safi kama sahani iliyolambwa.
Beseni lilikuwa barabarani kabisa, kwa fundi baiskeli.
Buti moja sijaiona hadi leo.
Nilikaa kwenye ngazi, sikulia,
nilihesabu ngazi tu, kwenda chini, kurudi juu.

Wiki sita.
Kisha mlango ukagongwa na kisigino,
maana mikono yake ilikuwa imeshika bakuli.
“Udongo wako ulihamia uani kwangu,” alisema Mama Nkwimba,
hakunitazama, alitazama fremu ya mlango.
“Sikuualika. Umeota majani, umeziba njia ya choo.
Nimeyapika. Hii ni kodi.”

Nilifunua. Mgagani.
Nikaonja kwa kidole, palepale, nimesimama.
Mchungu, ndugu zangu! Mchungu wa kufumba jicho moja.
Hakumwaga maji ya kwanza.
Maziwa hakuyaona hata kwa mbali.

Nilimeza.
“Umeupikaje?” nikauliza, kwa adabu zote nilizokuwa nazo.
“Kama mboga,” akasema.
“Ungeulaza.”
“Ulale wapi? Nina watoto watano.”

Alishuka ngazi nne, akageuka:
“Na deni la kuku bado liko palepale.”

Nilichukua bakuli, na maziwa, na karanga kwenye kikombe,
nikamfuata,
buti moja mguuni, mguu mwingine ndala.