Yenye Herufi T.N.

Oddvar ameziweka mbili juu ya kaunta,
kwenye kitambaa cha kijani kilichobanduka meza ya karata,
kisha akaenda nyuma kuchemsha kahawa.
Anajua. Mtu asisimamiwe akichagua
kitu ambacho siku moja atakiomba kimwokoe.

Nje ni saa sita mchana na ni usiku.
Longyearbyen haijaona jua tangu Oktoba,
na Jumatatu naanza kazi ya kupima barafu
nyuma ya mlima, mimi na Sunniva na mbwa wawili,
huko ambako hakuna atokaye mjini
bila cha kumzuia dubu.

Ya kwanza ni Krag.
Miaka mia na ushei, mti wa jozi,
rangi ya chai iliyosahaulika birikani.
Komeo lake linateleza kama droo ya sonara.
Kwenye kitako mtu amechonga kwa kisu: T.N.,
na chini yake vijistari kumi na kimoja.
Sikuuliza ni vya nini. Sili, pengine.
Au majira ya baridi aliyoyamaliza akiwa hai.
Niliweka dole gumba juu ya ile N
likaingia, kana kwamba nafasi ilikuwa yangu.

Ya pili haina jina la kukumbukwa.
Chuma kisichoshika kutu, kitako cha plastiki,
rangi ya ndoo. Ukiigonga
inalia kama jagi tupu.
Bei yake nusu, na Oddvar anaongeza mkanda bure
kama mtu anayeona haya.

Kizuri chajiuza, ndiyo;
nami nilikuwa nimeshanunuliwa.
Nilishapiga hesabu: kodi ya Desemba itangoja,
buti za zamani zitatiwa gundi,
nikamwona baba, kule Vadsø,
akiigeuzageuza chini ya taa ya jikoni, hasemi neno.

Oddvar akarudi. “Vaa glavu.”
Nikavaa zile nene.
“Sasa jaza.” Akanisogezea risasi za kujifunzia, hazina baruti.
Krag ilifungua kijisanduku chake cha ubavuni,
zikaingia moja, mbili, tano,
kama ng'ombe wanaolijua zizi lao.
Ile ya plastiki ilinitapikia moja,
ikabingirika hadi chini ya rafu ya soksi.
Nikamtazama kwa ushindi.

“Vema,” akasema. “Sasa itupe.”
“Niitupe?”
“Hapo sakafuni. Kule utaitupa.
Utateleza, pikipiki ya theluji itapinduka,
utaiangukia, mbwa ataikojolea,
maji ya chumvi yataingia kila tundu. Itupe.”

Sikuweza.
Nilisimama nimeikumbatia kama mtoto wa watu.

Ya plastiki niliiachia kabla hajamaliza kuitaja.
Ikadunda, ikalala kifudifudi.
Hakuna aliyesema pole.

Najijua mimi. Ningeifunga Krag kwa flana,
ningeipaka mafuta kila jioni, ningeisemesha,
na siku ya upepo mbaya ningeitundika ukutani:
leo tu, ningesema, leo tu ipumzike.
Na dubu hana habari za leo tu.

Nikauliza, nikilipa, T.N. alikuwa nani.
Oddvar hajui. Aliipata Tromsø, kwenye mnada
wa nyumba ya mtu asiye na warithi,
pamoja na saa ya ukutani na masufuria.

Kahawa ikapoa hatukuinywa.
Nimetoka na ile ya rangi ya ndoo begani,
na usiku huu (lakini ulianza lini usiku huu?)
nimechukua msumari, nikachora herufi zangu.
Plastiki haipendi kuchongwa.
G ya Gudveig imetoka kama ndoana.
Chini yake nimeacha pachipachi pana, laini.
Sina hamu ya kuhesabu.